Presha ya 170 kwa 115 haingojei kivuko cha asubuhi
Ndugu yangu, umeuliza kama dada yako wa Ukerewe mwenye mimba ya miezi minane, aliyepimwa 170 kwa 115 na anaumwa kichwa, anaweza kungoja kivuko cha kesho aende hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Asingoje. Mpelekeni sasa hivi hospitali ya wilaya pale Nansio, kwa sababu presha ya mjamzito ikifika 160 kwa 110, na ikabaki hapo hata kipimo kikirudiwa baada ya dakika 15, dawa ya kuishusha inapaswa kuanza ndani ya saa moja. Safari ya Mwanza, ikihitajika, ifuate baadaye.

Dawa yenyewe haina makuu: ni nifedipini ya kumeza, miligramu 10, inayoweza kurudiwa baada ya nusu saa, au haidralazini inayosukumwa polepole mshipani huku muuguzi akipima presha tena na tena, kwani ikiporomoka ghafla mtoto hupungukiwa damu kwenye kondo. (Ile desturi ya kutoboa kidonge na kukidondoshea chini ya ulimi iachwe.) Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho kichwa. Kwa dalili hiyo huongezwa sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo kazi yake si kushusha presha bali kuzuia kifafa cha mimba. Methildopa, dawa ya presha aliyokwisha kupewa, si mbaya, ila hufanya kazi taratibu mno kwa usiku kama huu. Saa ya kujifungua itaamuliwa na daktari presha ikishatulia.