Jibu: Kumuenzi mhariri wa jarida aliyejitolea miaka mingi

Ndugu, salaam. Umeuliza namna chama chenu cha kisayansi kitakavyomuenzi mhariri aliyelihudumia jarida miaka mingi bila malipo, ilhali kamati inataka toleo maalumu la heshima yake na kila makala hupitia mikononi mwake.

Anzeni na katiba ya chama. Uanachama wa heshima kwa kawaida hupitishwa na mkutano mkuu, na hoja isipoingia kwenye ajenda mapema mtasubiri mwaka mzima, kama tulivyosubiri sisi.

Kwa toleo lenyewe, teueni mhariri mgeni, yaani mtu mwingine wa kulisimamia toleo hilo pekee, na makala zihakikiwe kama kawaida, kwa sababu mtu aliyekataa kazi dhaifu maisha yake yote haheshimiwi kwa toleo lililozipitisha. Msimfiche, mwambieni mapema.

Mzee wetu, mhariri tuliyemuenzi sisi, hakuguswa sana na ngao tuliyompa. Tulizipata kauntabuku zake, alimoandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kupokelewa kila makala na jina la mwandishi, tukawaomba waandishi hao, wengi wao wanafunzi enzi hizo, watume aya moja moja. Alizisoma akiwa amesimama, akirudia ukurasa uleule mara mbili, tatu. Barua za kuwaomba waandishi zianzeni sasa, maana kuwapata watu wa zamani huchukua miezi. Matoleo yaliyowapotea yatafuteni Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.