Kabla ya Kumpandisha Mjusi Chui kwa Mara ya Kwanza

Mjusi chui ni jamaa wa mjusi kafiri tunayemwona ukutani, ila yeye ana kope, hana vidole vya kunata, na asili yake ni maeneo makavu yenye mawe ya Pakistani, Afganistani na kaskazini-magharibi mwa India. Ukame wa Dodoma haumsumbui, na ndiyo maana wanaoanza hudhani hali ya hewa imeshawafanyia nusu ya kazi. Nionavyo mimi ninayewafuga hapa mjini, kazi iko kwenye mwili wa jike na joto la mayai, na yote mawili huandaliwa kabla dume hajaingizwa.

Jike awe ametimiza walau mwaka mmoja, asipungue gramu 45, na mkia wake uwe mnene, kwa kuwa humo ndimo anamohifadhi mafuta. Hutaga mayai mawili kwa kila mkupuo, tena mara kadhaa katika msimu mmoja, na kwa kuwa huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, huendelea kutaga mayai yenye uhai hata dume akishaondolewa. Kila yai huchota kalsiamu yake, hivyo nyenje na mende anaolishwa wapakwe unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Mkia ukianza kukonda, apumzishwe, hata kama wateja wanasubiri.

Kuhusu madume sina mengi: wawili wasikae pamoja kamwe, watajeruhiana.

Kwenye mayai ndiko ushauri wa majirani unakopotosha zaidi, maana Dodoma wafugaji wa kuku ni wengi na kila mmoja yuko tayari kukuazima mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine hiyo huwekwa nyuzi joto 37.5 na hugeuza mayai, na yote mawili huua kiini cha mjusi. Yai lake ni laini kama ngozi. Litie alama ya penseli upande wa juu, kisha libaki vilevile hadi lianguliwe. Mimi hutumia deli la povu lenye kidhibiti joto na chupa za maji, ambazo hulinda joto umeme unapokatika usiku wa baridi wa Julai. Joto likishuka kwa saa chache si balaa. Likipanda mno ndiyo hatari. Ukidumisha nyuzi 26 hadi 27 utapata karibu majike watupu baada ya takriban miezi miwili, na karibu na nyuzi 32 madume huwa wengi na huanguliwa mapema zaidi.

Watoto hujichuna ngozi kwanza, huila, ndipo baada ya siku chache huanza kuwinda nyenje wadogo. Kila mmoja apewe boksi lake, kwa sababu hung'atana mikia. Hesabu maboksi hayo mapema, na kama hayatoshi, yai la ziada liwekwe kwenye friza siku ileile linapotagwa, ili kiini kisianze kukua.