Zombi wa Linux hali watu

Swali la wiki hii: mchoraji wa Goma akianzisha katuni ya mtandaoni kuhusu ulimwengu wa programu huria, wahusika wake wawe nani?

Asianze na pengwini. Tux, pengwini wa nembo ya Linux (mfumo endeshi wa programu huria), aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996, amekaa, ameshiba, hana ugomvi na mtu. Visa viko ndani ya mashine, mchakato mmoja (yaani programu inayoendeshwa) unapozaa mwingine, na sheria zake ni kali kuliko uchawi wowote wa kubuni.

Mkubwa wao awe Mzee Moja. Linux ikiwaka, mchakato wa kwanza wa watumiaji hupewa namba 1, na programu zote unazofungua ni wazao wake. Anayetaka mtoto hujinakili kwa amri ya fork. Mtoto hutoka na kumbukumbu zilezile za mzazi. Kinachowatofautisha ni jibu la kerneli, kiini cha mfumo. Mzazi hupewa namba ya mtoto, mtoto hupewa sifuri. Ichore hivyo: sura mbili sawasawa, kila mmoja anakunjua kikaratasi chake.

Mzazi akitangulia kufa, yatima kwa kawaida hulelewa na Mzee Moja. Mtoto akitangulia, hapo ndipo wachoraji hukosea, wakamtia zombi meno. Zombi huyu hali kitu, wala hatumii prosesa. Ni marehemu ambaye jina lake bado limo daftarini kwa kuwa mzazi hajaja kupokea habari ya kifo. Andika ps aux, amri ya kuorodhesha michakato, utamwona na herufi Z. Kumpiga kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, ni bure, maiti haiuawi mara mbili. Mzazi ndiye anayepaswa kuita wait ili apokee habari hiyo; akikaidi, muue yeye, na Mzee Moja atamrithi zombi na kulifuta jina. Ubaya wao ni wingi: kwa mpangilio wa zamani namba huishia 32767, na zikijaa hazaliwi mwingine. Hicho ni kisa kizima bila tone la damu.

Mzee Moja naye haguswi na kill -9, hata root, msimamizi mkuu wa mashine, akiamuru. Akijiondokea mwenyewe, kerneli husimamisha kila kitu.

Demoni anataka uangalifu. Ukimtia pembe, nusu ya wasomaji wa hapa watakemea kwa jina la Yesu kabla ya kusoma. Kumbe ni programu inayongoja kimya nyuma ya pazia, basi mfanye sentinelle wa usiku: kofia ya sufu, tochi, hasemi mpaka geti ligongwe. Beastie, demoni wa nembo ya BSD (mfumo mwingine wa programu huria), ana pembe na uma mkononi, mzaha juu ya fork, ambayo kwa Kiingereza ni uma pia. Lakini haki zake ni za Marshall Kirk McKusick, kwa hiyo ruhusa huombwa. Tux anataka tu Ewing na GIMP, programu ya kuchorea, watajwe.

Mbeba vifurushi, yaani apt, programu inayoleta na kusakinisha programu nyingine, ni mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nani mwingine? Ukimwagiza kifurushi kimoja, huuliza kwanza kinategemea vifurushi gani vingine. Kimoja kikikosekana, hapakii chochote, hata ukipiga kelele.

Maneno yasichorwe juu ya picha. Yakae kwenye tabaka lake katika faili ya SVG, aina ya faili ya mchoro, ili wa Bukavu arekebishe Kiswahili kiwe cha kwao na wa Kinshasa aweke Kilingala bila kugusa mchoro.