Maumivu ya kifua yanayopungua ukiinama mbele

Pole kwa kaka yako, dada. Umeuliza kwa nini kapewa ibuprofeni na kolchisini tu wakati ugonjwa ni wa moyo. Ugonjwa huo unaitwa perikarditisi: kilichovimba ni utando unaouzunguka moyo, ndiyo maana maumivu huzidi akilala chali au akivuta pumzi ndefu, na kupungua akikaa na kuinama mbele. Daktari husikiliza pia msuguano kifuani, huangalia ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na ultrasaundi kuona kama kuna maji kwenye utando huo. Yakipatikana mawili kati ya hayo manne, ugonjwa ndio huo.

Ibuprofeni hapo inapunguza uvimbe wenyewe, si maumivu tu. Ale kwanza ndipo ameze. Kolchisini kwa kawaida ni miezi 3, kuzuia ugonjwa usirudi, kwa hiyo asiiache eti kapata nafuu wiki ya kwanza. Kucheza mpira pia akuweke kando kwanza.

Ila mimi ningeuliza: kapimwa TB na VVU? Huku kwetu Afrika Mashariki TB ni chanzo kikubwa cha maji kujaa kwenye utando huo, na hiyo hutibiwa kwa dawa za TB kwa miezi 6, ibuprofeni haiigusi. Kama anakonda, anatoka jasho usiku au ana homa zisizoisha, mrudisheni akapimwe.

Akianza kuhema, kuzimia au mishipa ya shingo kuvimba, msisubiri tarehe ya kliniki. Huenda maji yanaukaba moyo, na hayo hutolewa kwa sindano hospitalini, siku hiyohiyo.