Mnyonya damu anayetembea mchana

SWALI: Niliwekewa Nosferatu ya 1922 kwenye flashi, kisha nikasoma Dracula ya Bram Stoker. Filamuni yule mumiani anabeba jeneza lake mtaani mchana kweupe, halafu mwishoni jua hilohilo linamuua. Walikosea? Na mbona kitabuni jua halimuui?
Msomaji, Sinza

JIBU: Hawakukosea. Ule unaouona mchana ni usiku. Enzi hizo ilikuwa vigumu mno kupiga picha ya mtaa mzima gizani, kwa hiyo mwongozaji, Murnau, alipiga juani, kisha nakala zikatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na ndani ya nyumba, waridi kwa alfajiri. Waliozidurufu baadaye kwa nyeusi na nyeupe tupu waliufuta usiku wote. Tafuta nakala iliyorudishiwa rangi, ya dakika 94 hivi. Hiyo huenda picha 18 kwa sekunde. Ikikimbizwa kwa 24 inaisha dakika 70 na watu wanatembea kama wanafukuzwa. Kabla hujalipia, fungua pale penye jeneza: kama si buluu, iache.

Usishtuke majina yakitofautiana. Filamu yenyewe ina Orlok (mumiani), Hutter (mgeni wake) na Ellen (mke wa Hutter), ila baadhi ya nakala za Kiingereza zimerudisha majina ya kitabuni, Dracula na Harker. Kampuni ya Prana, iliyotengeneza filamu, haikuwa na ruhusa ya kutumia riwaya. Mjane wa Stoker, Florence, aliishtaki, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Tunaiona leo kwa sababu nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka.

Sasa jua. Katika riwaya ya 1897 mchana humpunguzia Dracula nguvu tu. Harker anamwona Piccadilly, London, mchana. Anakufa jua likizama, kwa visu viwili: cha Harker shingoni, cha mwenzake Morris moyoni. Kufa kwa mwanga wa jua ni kwa filamu hii, na wanyonya damu wengi waliofuata wamerithi hapo.

Badiliko hilo ndilo zito kuliko yote, maana limempokonya Mina, mke wa Harker, kazi yake. Kitabuni Mina anapiga taipu shajara, barua na hata sauti ya mwenzao Dk. Seward iliyorekodiwa kwenye fonografu, anazipanga kwa tarehe, na ratiba za treni anazijua kwa kichwa. Dracula anashindwa na kundi lenye kumbukumbu zilizopangwa vizuri. Filamuni Ellen yuko peke yake: anamshikilia Orlok chumbani hadi jogoo awike, na Ellen pia anakufa. Bulwer, aliyeshika nafasi ya Van Helsing (profesa anayeongoza msako kitabuni), hafanyi lolote la maana. Kwa upande mwingine, panya na tauni inayoingia mjini na meli ni nyongeza ya filamu inayotisha kweli. Stoker ana panya, tauni hana.

Ukitaka kulinganisha sawasawa, soma sura ya 1 hadi 4, kisha tazama Hutter akiwa ngomeni. Hapo ndipo vinapokaribiana zaidi. Halafu soma sura ya 7, daftari la nahodha wa Demeter, meli iliyombeba Dracula, ndipo utazame safari ya meli.

SWALI: Lucy, rafiki wa Mina kitabuni, kaenda wapi filamuni?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kisa chake cha kugeuka mnyonya damu kimeondolewa chote. Kipo kitabuni, sura ya 8 hadi 16.