Uliza Dokta: Nataka kubobea magonjwa ya viungo na nifundishe chuo, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza intanshipu na sasa najitolea hospitali ya wilaya huku Rungwe. Wagonjwa wa viungo ni wengi mno, hasa akina mama, tunawaandikia diklofenaki ya kutuliza maumivu wanaenda, mwezi ujao hao wamerudi vidole vimezidi kupinda. Natamani nisomee magonjwa hayo na baadaye nifundishe chuo kabisa. Wenzangu wananicheka, wanasema nenda upasuaji au uzazi, huko kwenye baridi yabisi utakufa njaa. Ni kweli?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hela maana najua ndo inayokuuma. Wenzako hawajadanganya sana. Bingwa wa viungo hana oparesheni, kazi yake kubwa ni kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumshika mikono na kumfuatilia miaka na miaka, na kazi ya kusikiliza hailipwi kama kisu. Ila kufa njaa hapana, mshahara wa chuo unakuja na wagonjwa wenyewe hawaishi.

Njia yenyewe ni ndefu. MD (digrii ya kwanza ya udaktari) miaka 5 na intanshipu mwaka 1 umeshamaliza, sasa inakuja MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani, kama miaka 3, unaweza kuomba Muhimbili, KCMC, Bugando au Dodoma. Hakuna kuruka hapo, huwezi kuwa bingwa wa viungo wa watu wazima kama hujawa bingwa wa magonjwa ya ndani kwanza, kwa sababu lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, haikai kwenye goti tu, inaenda kwenye figo, mapafu, damu, hadi ubongo. Baada ya hapo ndo ubobezi wenyewe, kwa mfano Afrika Kusini ni miaka 2 mingine juu ya ubingwa na mtihani wake. Jumlisha na ile ya kukaa kazini ukisubiri ufadhili (utasubiri, jiandae kisaikolojia) utaona unaingia kliniki yako mwenyewe ukiwa na mvi mbili tatu.

Sasa upande wa chuo. Watu wanadhani mhadhiri wa udaktari ni kusimama mbele ya projekta. Hapana, asubuhi yuko raundi wodini na wanafunzi nyuma yake, mchana kliniki, jioni anasahihisha tasnifu ya mtu, usiku ndo anaandika ya kwake. Na bila kuandika hupandi, ngazi ni mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila ngazi inadai machapisho. Kwa huku kwetu una bahati, ndaki ya afya ya UDSM iko Mbeya, hospitali ya rufaa ya kanda ipo na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo chao hapohapo, kwahiyo si lazima uhamie Dar ndo uwe msomi.

Na risechi usiiogope, inaanzia hapohapo kwenye kliniki yako. Kuna daktari wa Marekani, Philip Hench wa Mayo Clinic, mwaka 1929 aligundua mgonjwa wake wa viungo amepata umanjano (macho na ngozi kuwa njano) na maumivu ya viungo yakapungua. Wengine wangesema bahati. Yeye akahisi kuna kitu mwilini kinachotuliza viungo, akaanza kuwafuatilia wengine wa hivyo, na mwaka 1948 yeye na mwenzake Kendall wakamjaribishia mama mmoja ile dawa tunayoiita leo kotisoni, ndani ya siku chache mama aliyekuwa hajiwezi akawa anatembea. Nobel 1950. Afu baadaye ikaonekana dawa hizohizo zikitumika ovyo zinakula mifupa na kupandisha sukari, na ndo hizo watu wetu wanauziwa dukani kwenye vifuko vya dawa mchanganyiko, wanarudi kwako sura imejaa mashavu na wanakwambia nimepona dokta.

Kwahiyo usisubiri MMed. Nunua kaunta buku leo. Kila mama anayekuja, muulize asubuhi mikono inakakamaa kwa muda gani, dakika 10 au mpaka jua linapanda? Ikizidi nusu saa hivi, amka, huenda ni baridi yabisi. Mshike kiganja kama unamsalimia halafu minya taratibu pale vidole vinapoanzia, umwangalie usoni siyo mkononi. Jifunze kuhesabu vile viungo 28 tunavyovikagua kwa mgonjwa wa baridi yabisi: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono, magoti, uandike vingapi vinauma na vingapi vimevimba. Ukitaka kuzitumia karatasi hizo kwa utafiti omba kibali cha maadili kwanza, usije ukajiharibia mapema.

Na ukianza kuandika methotreksati, dawa ya kutuliza kinga kwa wagonjwa hawa, chini ya bingwa, ni MARA MOJA KWA WIKI pamoja na foliki asidi, na siku uiandike kwa jina, "kila Jumatatu". Akimeza kila siku inaua uboho unaotengeneza damu, hiyo siyo stori ya kutisha wanafunzi.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tano PCB, anasema anataka udaktari wa baridi. Dokta, si ugonjwa wa wazee huo na baridi ya huku Mufindi? Nimshauri nini?
Mama J, Mafinga

JIBU: Mama J, wazee wana wao wa magoti kulika, lakini lupus inapenda mabinti, na kuna watoto wa shule ya msingi wana viungo vimevimba wanaambiwa wanadeka. Baridi ya Mufindi inaweza kumzidishia mtu maumivu, haileti ugonjwa. Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kushambulia viungo, hata Tanga na joto lake wapo. Mwanao mwache apige PCB apate MD kwanza, ubobezi atauchagua akishakaa wodini, wengi hubadili mawazo wakifika huko. Kemia asiichezee.