Jibu: Vinyago vya karatasi vinavyoota ukungu

Mwalimu, unasema vinyago ambavyo watoto wanatengeneza hapo Goma kwa kubandika vipande vya gazeti juu ya puto vinanuka na kuota ukungu. Usilaumu gundi ya unga wa muhogo. Tabaka ni nene, halikauki ndani.

Kwa gundi, koroga kikombe 1 cha unga katika kikombe 1 cha maji baridi, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, tia kijiko cha chumvi. Gazeti lichanwe kwa mkono, si makasi: kingo zilizochanika hushikana vizuri zaidi. Tabaka 2 kwa siku, zisizidi. Puto lipake mafuta kwanza. Likipasuka, okota vipande vyote, wadogo huvimeza.

Kaushia nje kwenye upepo. Mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ndani ya darasa lililofungwa, hapana kabisa! Hewa ya makala huua bila hata moshi kuonekana. Vilivyokwisha kuota ukungu, tupa.